Bihogo na Siagi ya Mama

Ngozi ya ng'ombe ikianza kuota moto hutoa harufu ambayo sijui niifananishe na nini. Si ya nyama, si ya nywele zilizoungua, wala si ya moshi. Ni kana kwamba ng'ombe mwenyewe amerudi, amesimama mlangoni, anasubiri afunguliwe. Ninyi wenzangu tuliokua pamoja kwenye vilima hivi mnaijua. Watoto wa siku hizi wakiisikia huziba pua. Mimi ikinifikia, meno yangu yote yanarudi mdomoni.

Juzi iliingia tena ndani ya nyumba yangu hapa Nyamiaga, na aliyeisababisha ni mjukuu wangu Jovina, binti wa mwanangu Deogratias. Jovina anakaa Mwanza. Huko anapiga ngoma, lakini si ngoma za kwetu. Yeye hukaa kwenye kiti kidogo, ngoma zimemzunguka kama vyungu vya mama ntilie, nyingine anaipiga kwa mguu, na juu yake zinaning'inia sahani za shaba zinazolia chaa! Wenzake ni vijana wa magitaa na kinanda. Muziki wao ni roki, tena ile roki wanayoiita progresivu, ambayo wimbo mmoja ukiuanza unamenya ndizi, unakwisha ndizi zimeshaiva na watu wamekula. Baba yake hapendi kabisa. Kila akinipigia simu ni hilo hilo: "Mama, ongea na mjukuu wako. Mimi nimesomesha mhasibu, yeye anapiga masufuria."

Safari hii Jovina alikuja amenuna. Alinisalimia shikamoo, nikaitika marahaba, akakaa kwenye mkeka akavuta magoti kifuani kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Nikamwacha. Mtu aliyenuna humkimbilii, unamwekea chai. Chai ilipofika nusu akafunguka. Kuna wimbo wao mmoja umemshinda. Katikati ya wimbo mwendo unabadilika, yeye anapotea, na akipotea yeye wote wanaanguka. Onyesho lao limekaribia, na wenzake wameanza kunong'ona kwamba heri watafute mvulana.

"Wamesema hivyo, mvulana?" nikamuuliza.

"Hawajaniambia usoni, Bibi. Nimesikia tu."

Akanivika masikioni vile vidude vya kusikilizia, akasema, "Sikiliza, halafu uniambie kama binadamu anaweza kupiga kitu hiki."

Mwanzoni nilisikia vurugu tu, kama sokoni Nyakahura mbuzi wanaposhushwa kwenye lori. Kisha mguu wangu chini ya kanga ukaanza kwenda wenyewe. Ule muziki ulitembea vizuri, ukafika mahali ukaimeza hatua moja, kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi, ukatembea tena. Gitaa likakimbilia huku, kinanda kikapanda mti, na chini yao kulikuwa na mtu wa ngoma asiye na haraka, anachechemea palepale, kila wanaporudi wanamkuta. Nikacheka peke yangu. Jovina akautazama mguu wangu, akanitazama usoni, akautazama mguu tena.

"Bibi! Unaufuata?"

"Huu naujua."

"Unaujulia wapi? Huu ni wimbo wa Wazungu!"

"Washa moto," nikamwambia, "halafu umtoe Bihogo nyuma ya kabati."

Bihogo ni ngoma. Kabla hajawa ngoma alikuwa ng'ombe mwekundu wa babu yangu, na alipokufa ngozi yake ikavalishwa gogo. Ndivyo zilivyokuwa ngoma zote za kilima chetu, kila moja na jina la ng'ombe aliyeivalisha ngozi. Gaju ilikuwa ya Mzee Bandiho, kiongozi wa wapigaji. Kibamba ilikuwa ya Simoni fundi seremala. Rusengo ilikuwa ya Anselmo, aliyekuwa anacheka hata msibani. Bihogo ilikuwa ya baba yangu, Barthazari. Na kulikuwa na kizee kimoja cha akiba, Sine, kilichokaa kanisani kikipigwa siku za kawaida. Enzi za babu zetu ngoma zilikuwa za mwami, mfalme wetu. Nilipopata akili zilikuwa zimeshakuwa za sikukuu na harusi, lakini adabu zake zilibaki zilezile. Mwanamke haigusi fimbo ya ngoma. Na ngoma hulala kwa mpigaji wake, nyumba ikikosa mkono wa kuipiga, inahama.

Nyumbani tulikuwa wasichana watupu: Anastazia, mimi Leokadia, na Konsolata aliyekuwa bado mgongoni.

Sasa nisikilizeni nilivyoelewa mimi mambo ya ngoma. Wanaume walipozungumza habari zake walitaja tumbo lake. Walitaja kitovu chake, pale chini inapokaa. Vile vijiti vinavyoibana ngozi pembeni waliviita maziwa. Mimi mtoto, nimesikia tumbo, nimesikia kitovu, nimesikia maziwa, namwona Bihogo mnene amekaa kona ya nyumba yetu kimya, hatoki ila siku za sikukuu. Nikajua huyu ni mama mtu mzima. Sikuwa na shaka. Jambo moja tu ndilo lililonisumbua: kila akitolewa nje wanaume humzunguka wakampiga, naye analia, na watu wote wanashangilia. Nilijiuliza huyu mama amekosa nini. Nilimuuliza Anastazia, akaniambia nikachote maji.

Basi ikatokea baba akavunjika mkono. Ng'ombe wetu mmoja mkorofi, Nyamweru, alimpiga teke wakati wa kukamua, kiganja kikageukia kusiko kwake. Mzee Kabura aliyekuwa akiunga mifupa alikuja akakinyoosha, akakifunga kwa vijiti na kamba za mgomba, akamwambia baba asinyanyue hata kikombe kwa mkono ule. Na sikukuu ya parokia ilikuwa imekaribia. Tena haikuwa sikukuu ya hivi hivi; wageni wa Nyakahura walikuwa waje na ngoma zao.

Mzee Bandiho akaja nyumbani. Alikuwa mrefu, na akikaa kwenye kigoda magoti yalifika kidevuni. Mama, Febronia, alikuwa pembeni anasukasuka kisabo, kile kibuyu cha kutengenezea siagi. Mzee Bandiho alivuta rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa mrija mpaka akaridhika, ndipo akasema.

"Barthazari, siku ya sikukuu Bihogo atapigwa na Paskali wa kwa Nzaniye."

"Sawa," baba akasema. "Paskali ana nguvu."

"Akipiga vizuri, Bihogo ahamie kwao moja kwa moja."

Kisabo cha mama kikanyamaza.

"Mkono utapona," baba akasema.

"Mkono utapona. Mvulana je, ataota? Mimi sikuonei, ndugu yangu. Ngoma haikai kwenye nyumba isiyo na mkono. Babako mwenyewe ndiye aliyenifundisha neno hilo."

Baba alimgeukia Bihogo pale konani akamtazama, kama anavyotazamwa binti siku wanapokuja kutaja mahari. Mama akaanza tena kusukasuka, lakini kwa pigo la hasira, chubwi, chubwi, chubwi.

Msiniulize kwa nini moyo wangu uliniuma kuliko wa wote. Nilijua tu kwamba huyu mama wa konani anachukuliwa kwenda kwa watu wasiomjua, kwa yule Paskali mwenye mikono kama majembe. Na kwetu, mnakumbuka, bibi harusi hatoki kwao mkavu. Hupakwa siagi ya ng'ombe mpaka ang'ae. Na mzazi aliyejifungua hupakwa siagi, mwili upoe. Bihogo alikuwa vyote viwili, anaolewa, tena ni mama aliyepigwa miaka yote bila mtu kumpoza. Asubuhi mama alipokwenda shambani nikachukua siagi yote ya kisabo. Nikampaka Bihogo usoni, nikampaka tumboni, nikayapaka yale maziwa moja moja. Nilimwimbia na ule wimbo wa kumuaga bibi harusi, sauti ya chini, nisije nikasikika. Alipong'aa nikamfunika na kanga ya mama, nikaenda kucheza, roho nyeupe.

Jioni hiyo Paskali akaja kumjaribu. Alikuwa kijana mkubwa, ndevu ndiyo kwanza zinachungulia, na alikuja na marafiki wawili wa kumsifia. Akafunua kanga, akanyanyua fimbo, akamtandika Bihogo kwa nguvu zake zote.

Bwi.

Kama umepiga godoro lililonyeshewa.

Akapiga tena. Bwi. Akagusa ngozi, akanusa vidole, akatazama huku na huku. "Mama Anastazia," akasema, "kwenu mnakaanga ngoma?"

Mama alikimbilia kisabo, akakitikisa, kitupu. "Siagi yangu! Leokadia! Leokadia we!"

Nikatoka nyuma ya nyumba, nikaeleza. Nilieleza yote, harusi, mzazi, kipigo cha miaka yote, na jinsi nilivyomwonea huruma. Paskali na wenzake wakaanguka chini kwa kicheko. Mama alikuwa ameshaokota kijiti cha kunichapia. Ndipo nikasikia sauti ambayo haikuwa imesikika nyumbani tangu siku ya Nyamweru. Baba alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaushika ule mkono wenye vijiti kwa maumivu, na bado akacheka.

"Mwache, Febronia," akasema. "Katika nyumba hii yote ni huyu peke yake aliyemfanyia Bihogo sherehe ya kuagwa."

Mzee Bandiho hakucheka. Kesho yake alipoambiwa alikuja, akaibonyeza ngozi kwa dole gumba, ikabonyea kama ugali wa moto. Akanitazama kutoka kule juu kwake. "Aliyemnywesha ndiye atakayemkausha," akasema. "Na siku ya sikukuu moto wa kukaushia ngoma ni wako. Ukimuunguza, nitakuvalisha wewe kwenye gogo."

Ndivyo nilivyoingia shule, wenzangu. Ile nyingine ya kalamu niliiona kwa mlangoni tu.

Kila siku nilimpaka Bihogo jivu ili linywe mafuta, nikalifuta, nikamsogeza motoni, nikamgeuza ili aote pande zote, nikamsogeza mbali kabla ngozi haijaanza kupasuka. Baba alikaa karibu yangu kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine ya kufanya. Nilimgonga Bihogo kwa kidole kusikia kama sauti imerudi.

"Ukigonga mara moja tu hutajua," baba akaniambia. "Ngoma ni kama mtu. Akisema 'ndiyo' hujamjua. Mwongeleshe. Mgonge mwendo."

"Mwendo upi, Baba?"

Akanipa ule wake, ule alioupiga maisha yake yote, mwendo wa kuchechemea. Kwetu walisema ulitokana na ng'ombe aliyerudi kutoka vitani amevunjika mguu, lakini akakataa kutembea nyuma, akaliongoza kundi hivyohivyo mpaka nyumbani, na wengine wote wakajifunza kuchechemea kwa kumheshimu. Unatembea, unatembea, unaimeza hatua moja, unatembea. Mtu mgeni hujaribu kuirudisha hiyo hatua iliyomezwa. Akiirudisha tu, ameharibu, ng'ombe amepona mguu na hadithi imekwisha.

Nilishika ule mwendo kwa vidole, baadaye kwa viganja, na mwishowe kwa vijiti viwili vya kuni. Baba hakuniambia kwamba ananifundisha. Sidhani hata yeye alijua. Alikuwa anasema tunaitafuta sauti. Nilipoushika, yeye alianza kuimba kwa mdomo sehemu ya Mzee Bandiho, ile ya Gaju, ngoma ya mbele. Ndu-ka-ta-ndu! Anakimbia, anarudi, ananyamaza ghafla, anapasuka tena mahali usipomtegemea. Mara ya kwanza nikamkimbilia.

"Usinifuate!" akafoka. "Mimi ni mbuzi, wewe ni kigingi. Kigingi kikimfuata mbuzi, nani atarudi nyumbani?"

"Sasa nisikusikilize?"

"Nisikilize kuliko watu wote. Kigingi ndicho kinachoijua kamba yote. Unijue nilipo, unijue ninapotaka kwenda, ukae."

Mara nyingine nilipiga kwa bidii mpaka jasho likanitoka, nikijua nimempendeza. Akatikisa kichwa. "Umejaza. Kila mahali umejaza. Mbona humwachii Bihogo apumue? Ile hatua iliyomezwa ndiyo ngoma yenyewe. Hizo nyingine ni njia ya kuifikia."

Siku hizo ndipo ile hofu yangu ya kipigo ilipotoka. Bihogo sauti yake ilikuwa inarudi kidogokidogo, leo kikohozi, kesho mguno, na siku moja alasiri, moshi umenikaa machoni, nikaimeza ile hatua naye akaniitikia kutoka tumboni kabisa, sauti nene, tamu, ya mtu mzima anayecheka. Sikuwahi kusikia kilio tena kuanzia siku ile. Nilijua kumbe miaka yote alikuwa anaongea.

Sikukuu ikafika. Watu walitoka Kasulo, walitoka kila kilima, wamevaa vya kabatini. Wageni wa Nyakahura walishuka kwenye lori la mfanyabiashara mmoja wakiwa wameshikilia ngoma zao kama watoto. Baada ya misa uwanja ukafunguliwa. Moto wangu ulikuwa pembeni, karibu kabisa na wapigaji, maana ngoma zikipoa zinaletwa kuota. Baba alikaa kwenye jiwe nyuma yangu, mkono wake mbovu umening'inizwa begani kwa kitambaa.

Wageni walianza. Loo! Nisiwanyime haki yao. Walipiga mpaka mama zetu wenyewe wakasahau wako upande gani. Walipomaliza, mmoja wao, mfupi mwenye kofia, akapaza sauti kwa wetu, "Sasa leteni hicho kiwete chenu tukione!" Watu wakacheka. Mwendo wetu wa kuchechemea ulijulikana hadi Biharamulo, na ndio tuliowapigia wageni kwa heshima. Usipoupiga, ni kama umemkaribisha mtu bila kumpa kiti.

Mzee Bandiho akasimama mbele ya Gaju. Kibamba na Rusengo kushoto. Paskali kulia na Bihogo. Wakaanza, na Paskali alianza vizuri, sisemi uongo, ana mkono mzito na Bihogo alinguruma. Ila Mzee Bandiho alipoondoka njiani, aliporuka juu na kushuka na lile pigo lake la kushtukiza, Paskali akamkimbilia. Akairudisha ile hatua. Simoni akamfuata Paskali, Anselmo akabaki na Mzee Bandiho, na ngoma zikagongana kama vyungu kwenye kichwa cha mlevi.

Mzee Bandiho akanyanyua fimbo. Kimya. Yule mfupi mwenye kofia akasema, "Kimeanguka kiwete!"

Paskali jasho linamtoka. Akambeba Bihogo akaja akambwaga kando ya moto wangu, na akasema kwa sauti watu wote wasikie: "Si mimi! Hii ngoma imekunywa siagi ya huyu mtoto, haina sauti, inanipoteza! Nipeni Sine!"

Uwanja mzima ukanitazama. Nilitamani moto unimeze. Siagi ilikuwa yangu, kweli, na mbele ya Nyakahura yote aibu ya kilima ilikuwa imebandikwa kwenye paji langu la uso. Nikamgeukia baba. Baba hakunitazama mimi, alimtazama Bihogo. Akasema polepole, "Ana sauti au hana?"

"Anayo," nikasema.

"Hebu msikilize."

Nikamsogeza Bihogo motoni, nikamgeuza kama kila siku. Paskali ameshasimama na Sine. Mzee Bandiho akaanza upya, na mimi nikaokota vijiti vyangu viwili vya kuni nikamgonga Bihogo mwendo, taratibu, kusikia kama yuko mzima. Ilikuwa kazi yangu niliyopewa. Wallahi sikuwa na wazo jingine. Mzee Bandiho akaondoka njiani. Paskali akamkimbilia, palepale, kosa lilelile, na safari hii hapakuwa na siagi ya kusingizia. Ngoma zikaanza tena kugongana, mimi nikaona kamba inakatika mbele ya macho yangu, na mkono wangu ukakataa. Nikapiga. Sikugonga tena, nilipiga. Unatembea, unatembea, unameza, unatembea. Bihogo akatoa ile sauti yake ya tumboni.

Anselmo ndiye aliyenisikia kwanza, akaachia jino lake la pembeni likaonekana, akaja kwenye mwendo wangu. Simoni akaja. Paskali akapiga mawili matatu yaliyopotea, akanyamaza, fimbo zikining'inia. Na Mzee Bandiho, ambaye alikuwa huko juu kwenye miruko yake hana pa kutua, akageuka. Aligeuza mwili wote, akaipa mgongo Nyakahura, akanitazama. Nilidhani nitafukuzwa. Badala yake akanyanyua fimbo, akaenda mbali kuliko nilivyowahi kumsikia mtu akienda, akakimbia, akajificha, akanyamaza muda mrefu mpaka mtu mmoja akasema "Jamani!", na mimi nikakaa. Nilikaa kama kigingi kilichogongwa na babu wa babu. Akarudi, akatua juu ya ile hatua iliyomezwa, mimi na yeye pamoja, kimya kimoja kwa watu wawili. Halafu tukatembea.

Sauti ya kwanza niliyoisikia baada ya hapo ilikuwa kigelegele cha mama, kirefu, chembamba, kilichopasua juu ya vichwa vya wote. Wanawake wakakipokea. Wa kwetu, wa Kasulo, hata wa Nyakahura. Yule mfupi mwenye kofia aliivua akaitupa juu. Kiwete kilikuwa kinacheza.

Tulipomaliza ndipo watu wakakumbuka sheria. Mzee mmoja, Nzaniye mwenyewe, baba yake Paskali, akasimama na mkongojo. "Bandiho! Tangu lini mtoto wa kike akapiga ngoma? Nani ameruhusu? Nani huyo aliyepiga?"

Mimi vijiti vilinitoka mikononi. Baba alisimama, akaweka ule mkono wake mzima kichwani pangu. Mzee Bandiho alifuta jasho, hakuwa na haraka, akamtazama Nzaniye, akawatazama wageni, akasema kwa sauti aliyoitumia kutangaza misiba na harusi:

"Iliyopiga ni nyumba ya Barthazari. Nyumba ina mkono. Bihogo arudi kwao."

Na hakuna aliyemjibu, maana anayepinga angelazimika kwanza kusema kwamba haikuwa tamu.

Tulirudi jioni baba akiwa mbele na mkono wake begani, mimi na mama tumembeba Bihogo katikati yetu, Anastazia nyuma na Konsolata. Tulimkalisha konani pake. Ndipo mama akachukua siagi kidogo kwenye kisabo. Nikashtuka. Akacheka, akanipaka mimi. Usoni, mikononi, mpaka nikang'aa.

Haya yote nilimweleza Jovina juzi, moto unawaka, na Bihogo katikati yetu anatoa ile harufu. Ngozi imeshabadilishwa zaidi ya mara moja, sisemi uongo, lakini gogo ni lilelile na jina ni lilelile. Jovina alikuwa ameacha kununa. Akaniuliza, "Kwa hiyo Bibi, mpigaji mkubwa ni yule asiyetikisika?"

"Hapana. Jiwe nalo halitikisiki, lakini halipigi ngoma." Nikafikiri kidogo, kwa sababu muziki wake si sawa na wetu kabisa, huko hata njia yenyewe inahama wimbo ukiwa katikati. "Huyo uliyenisikilizisha ni kigingi kinachotembea. Anahama na mbuzi, na kamba haikatiki. Hiyo ni kazi kubwa kuliko yangu. Lakini inaanzia palepale: uwajue wenzako walipo, usijaze, na usiogope ile hatua iliyomezwa. Haya, piga."

Akapiga. Alipofika penye kuchechemea akapotea, na nikaona midomo yake inachezacheza.

"Unafanya nini mdomoni?"

"Nahesabu, Bibi."

"Hesabu ni za ile ofisi anayokutakia baba yako. Hapa tembea. Simama, utembee, uchechemee."

Akazunguka moto akichechemea, mtu mzima wa Mwanza na suruali yake iliyochanika magotini, mimi namwimbia, ndu-ka-ta-ndu, namkimbia, namnyamazia, naye anacheka mpaka machozi, na anakaa. Alirudi kwa Bihogo bila kuacha kutembea, akaokota vijiti, na mwendo ukatoka. Akaweka ule wimbo wake kwenye simu, sauti ya juu, magitaa yakakimbia, kinanda kikapanda mti, na chini yao alikuwa mjukuu wangu. Walipoibadilisha njia, akahama nao. Hatua iliyomezwa ikaja, akaimeza. Sikujizuia. Nilipiga kigelegele, kikatoka kirefu, chembamba, cha mama yangu.

Hapo ndipo tuliposikia mkongojo kwenye njia ya migombani. Paskali anakaa ng'ambo ya migomba yangu tangu tulipozeeka. Masikio yamechoka lakini ngoma bado anazisikia, nadhani kwa miguu. Akasimama pale mpakani, akapaza sauti:

"Leokadia! Nani huyo anayepiga?"

Jovina akanitazama bila kuacha kupiga. Nikavuta pumzi.

"Nyumba ya Barthazari!"

Ngoma inakwenda. Kisha nikamsikia yule mzee akigonga mkongojo wake ardhini, anatafuta, anatafuta, mpaka akaupata mwendo, na mara hii hakuirudisha ile hatua.